Kusoma nukta nundu kwenye Pokémon Ruby, Sapphire na Emerald: kuanzia jiwe la chini ya bahari hadi Regi watatu

Regi ni Pokémon watatu adimu waliofungiwa mapangoni: Regirock, Regice na Registeel. Maswali kuhusu kuwafikia ni yaleyale kila wiki. "Nimezama baharini nimekuta jiwe lina vidoti, vinasemaje?" "Nimepanga Wailord na Relicanth kama nilivyoelekezwa, mbona hakuna mlango uliofunguka?" "Nimeenda kulia mara mbili na chini mara mbili, nimetumia Strength, kimya."

Swali la kwanza linajibiwa na sehemu ya kwanza ya mwongozo huu. Hayo mengine mawili karibu kila mara yana chanzo kimoja: umefuata jibu la toleo jingine la gemu. Ruby na Sapphire zilitoka Japani mwaka 2002, Emerald ikafuata 2004. Mapango ni yaleyale, ramani ni ileile, ila maandishi ya ukutani yamebadilishwa. Anayekupa jibu kwa nia njema huenda alicheza Sapphire, na wewe una Emerald mkononi. Kwa hiyo jifunze kusoma ukuta wako mwenyewe. Ni kazi ya nusu saa, na ukishaijua huhitaji kumuuliza mtu.

Mwongozo huu ni wa Ruby, Sapphire na Emerald za Game Boy Advance, za lugha ya Kiingereza. Omega Ruby na Alpha Sapphire za 2014 hazimo humu, usizichanganye.

Unachohitaji kabla ya kuanza

Karatasi na kalamu. Usitegemee kichwa, ujumbe mwingine ni mrefu na kioo hakikuonyeshi herufi, kinakuonyesha nukta tu.

Ndani ya gemu, uwe na hivi:

- Surf na Dive, mbinu za Pokémon za kuogelea na kuzama, pamoja na beji zinazokuruhusu kuzitumia nje ya pambano. Dive ni HM08 (HM na TM ni vifaa vya kumfundishia Pokémon mbinu), na beji yake ni Mind Badge ya Mossdeep. Kama huna hiyo, funga mwongozo huu kwanza, urudi baadaye.
- Dig, ambayo ni TM28. Inapatikana Route 114, kwenye nyumba ya yule mtu wa visukuku. TM za enzi hizo hutumika mara moja zikaisha, basi mfundishe Pokémon utakayeendelea kumbeba. Linoone anafaa sana: Dig anaishika, Surf anaishika, Strength na Rock Smash pia.
- Wailord. Vua Wailmer kwa ndoana, mlee hadi level 40, anabadilika mwenyewe.
- Relicanth. Huyu ndiye anayewachelewesha wengi. Yuko chini ya maji, kwenye majani ya bahari ya Route 124 na Route 126, na hutokea mara 5 tu katika kila mara 100. Clamperl na Chinchou watakusumbua mpaka uchoke. Vumilia.
- Kwa Ruby na Sapphire: Strength na Fly.
- Kwa Emerald: Rock Smash na Flash.
- Go-Goggles za jangwani, kwa ajili ya pango la Regirock.
- Mipira ya kukamatia Pokémon, ya kutosha. Ultra Ball 30 si nyingi, na Timer Ball chache zitakusaidia.

Wailord na Relicanth lazima wawe kwenye timu yako unapoingia pangoni. Huko chini hakuna kompyuta ya kubadilishia Pokémon, na safari ya kurudi ni ndefu.

Nukta zinasomwaje

Vidoti vile si alama zilizobuniwa na watengenezaji wa gemu. Ni nukta nundu, maandishi yaleyale ya wasioona aliyoyaunda Mfaransa Louis Braille mwaka 1824, na herufi zake za msingi ndizo anazosoma mwanafunzi asiyeona wa Dar es Salaam au Nairobi. Ajabu yake ni kwamba maandishi yaliyokusudiwa kuguswa kwa kidole yamewekwa kwenye kioo bapa, ambako asiyeona hawezi kuyapata kabisa.

Kila herufi ni kisanduku cha nafasi sita: safu mbili za kusimama, nafasi tatu kila safu. Safu ya kushoto inahesabiwa 1, 2, 3 kutoka juu kwenda chini. Safu ya kulia ni 4, 5, 6, nayo kutoka juu kwenda chini. Basi ukisikia "1-4-5", ni nukta ya juu kushoto, ya juu kulia, na ya katikati kulia.

Usikariri herufi 26. Kariri kumi za kwanza, ambazo zinatumia nafasi nne za juu tu:

a ⠁ 1
b ⠃ 1-2
c ⠉ 1-4
d ⠙ 1-4-5
e ⠑ 1-5
f ⠋ 1-2-4
g ⠛ 1-2-4-5
h ⠓ 1-2-5
i ⠊ 2-4
j ⠚ 2-4-5

Herufi kumi zinazofuata ni hizihizi zikiongezwa nukta ya 3, yaani ile ya chini kushoto. A ikiongezwa 3 inakuwa k, b inakuwa l, c inakuwa m, na kuendelea hivyo:

k ⠅, l ⠇, m ⠍, n ⠝, o ⠕, p ⠏, q ⠟, r ⠗, s ⠎, t ⠞

Zilizobaki zinachukua a, b, c, d, e tena, safari hii kwa kuongeza 3 na 6, nukta zote mbili za chini:

u ⠥, v ⠧, x ⠭, y ⠽, z ⠵

W imeachwa nje ya mpangilio kwa sababu Kifaransa cha wakati wa Braille hakikuihitaji, iliongezwa baadaye. Ni 2-4-5-6, ⠺. Hii moja ikariri peke yake, utaihitaji kwa Wailord.

Alama mbili za mwisho ni koma, nukta ya 2 peke yake ⠂, na kituo, 2-5-6 ⠲. Gemu haitumii vifupisho wala alama ya herufi kubwa. Kila kisanduku ni herufi moja au alama moja ya uandishi, basi.

Kosa kubwa la anayeanza ni kusoma kisanduku kama kwenye kioo cha kujitazamia, kushoto kukawa kulia. Herufi zinazoponza ni hizi:

E na i. E inashuka kutoka kushoto kwenda kulia, i inapanda. Ukizibadilisha, DIG inakuwa DEG na unabaki kushangaa.

R na w. R ni 1-2-3-5, mgongo mzima upo kushoto. W mgongo wake upo kulia.

D, f, h na j. Hizi nne zote zina nukta tatu kati ya nne za juu, na kinachozitofautisha ni kona iliyo tupu. D inakosa kona ya chini kushoto. F inakosa ya chini kulia. H inakosa ya juu kulia. J inakosa ya juu kushoto. Usijaribu kuzikumbuka kwa umbo lote, tafuta kona tupu tu.

Jipime kabla ya kuingia majini: ⠍⠇⠁⠝⠛⠕. Ukipata neno la Kiswahili la kitu unachokwenda kukifungua, uko tayari.

Hatua kwa hatua

1. Nenda Pacifidlog Town, kisha Surf kuelekea magharibi. Utapita Route 132 na 133 hadi 134. Njia hizi zina mikondo inayokusukuma bila kukuuliza, na ikishakusukuma huwezi kupanda kurudi. Mahali unapopatafuta ni kiraka cha maji meusi kwenye Route 134, kimezungukwa na mawe. Kila ukifika kwenye maji yaliyotulia, simama, tazama mikondo inayofuata inaelekea wapi, ndipo uchague mstari. Ukipitiliza utatupwa upande wa Slateport. Ruka kwa Fly hadi Pacifidlog uanze tena. Kupitiliza mara mbili tatu ni kawaida.

2. Ukiwa juu ya maji meusi, sevu, kisha tumia Dive.

3. Fuata njia ya chini ya maji hadi mwisho. Utakutana na jiwe lenye nukta. Simama mbele yake, bonyeza A, na uandike unachokiona. Huu ndio ujumbe wako wa kwanza na ni mfupi: ⠛⠕ ⠥⠏ ⠓⠑⠗⠑⠲

Uchambue taratibu. Kisanduku cha kwanza kina nukta zote nne za juu: g. Cha pili, 1-3-5: ni e iliyoongezwa 3, kwa hiyo o. GO. Neno la pili linaanza na 1-3-6: a iliyoongezwa 3 na 6, yaani u, kisha 1-2-3-4, f iliyoongezwa 3, ni p. UP. La tatu: kona ya juu kulia ni tupu, h; e; kisha mgongo wa kushoto na 5, r; e tena. HERE. Panda juu hapa.

4. Bonyeza B ukiwa umesimama palepale mbele ya jiwe. Palepale maana yake ni mraba ule ule uliosimama kusoma. Ukisogea hatua moja pembeni kisha ukapanda, gemu inakurudisha juu ya Route 134, na utadhani umesoma vibaya kumbe umesimama vibaya.

5. Sasa uko Sealed Chamber, chumba cha kwanza. Usikimbilie ukuta wa mbele. Pita kwenye mawe ya pembeni kwanza, kwa sababu hayo ndiyo ufunguo waliokuachia watengenezaji: yanaonyesha alfabeti yote kwa mafungu. Mpangilio wake ni ule wa vitufe vya simu za zamani: ABC, DEF, GHI, JKL, MNO, PQRS, TUV, WXYZ, na mawe mengine mawili ya kituo na koma. Yanakili yote kwenye karatasi yako na ulinganishe na orodha ya hapo juu. Kama kuna herufi uliyokosea kuichora, utaijua hapa, bila hasara.

6. Nenda ukuta wa katikati, upande wa juu wa chumba, na usome. ⠙⠊⠛ ⠓⠑⠗⠑⠲ Ni DIG HERE, chimba hapa. Bila kusogea mbali na ukuta, fungua menyu, mchague mwenye Dig, uitumie. Wengi husita hapa kwa kuwa wanajua Dig kama mbinu ya kutokea pangoni. Mbele ya ukuta huu inafanya kazi nyingine: mlango unafunguka. Ukishafunguka haujifungi, hata ukitoka na kurudi.

7. Chumba cha pili kina mawe kadhaa, kila moja lina sentensi. Unaweza kuyaruka yote ukaenda ukuta wa nyuma, gemu haitakuzuia. Ila tunashauri uyasome, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni mazoezi: sentensi kama IN THIS CAVE WE HAVE LIVED ina w, v na h ndani yake, na ukiiweza hiyo hakuna kitakachokushinda mbele. Ya pili ni kwamba hadithi ya Regi haielezwi vizuri kama hapa: watu waliishi pangoni humu, walimtegemea Pokémon kwa kila kitu, kisha wakamfungia. WE FEARED IT, linasema jiwe moja. Tulimwogopa. Mchezaji aliyekuja na jibu mfukoni hupita hapo bila kujua anafungua nini.

8. Soma ukuta wa nyuma. Hapa ndipo matoleo yanapoachana. Tafuta neno la kwanza, FIRST, halafu jina linalofuata karibu yake, kisha neno LAST na jina lake. Huhitaji hata kusoma majina yote mpaka mwisho: jina linaloanza na w ni Wailord, linaloanza na r ni Relicanth. Na kama ulivyoona, w na r ni pacha wa kioo. Mgongo kushoto, Relicanth. Mgongo kulia, Wailord.

Kwa kujihakikishia: Ruby na Sapphire zinataka Relicanth wa kwanza na Wailord wa mwisho. Emerald inataka Wailord wa kwanza na Relicanth wa mwisho.

9. Panga timu hivyo, kisha soma ukuta tena kwa A. Wa mwisho ni yule aliye mwisho wa timu uliyonayo, si lazima awe nafasi ya sita. Ukiwa na Pokémon watatu, wa tatu ndiye wa mwisho. Ardhi itatikisika, na gemu itakuambia kana kwamba milango imefunguka mahali fulani mbali. Sevu.

10. Sasa mapango matatu yako wazi: Desert Ruins kwenye jangwa la Route 111, Island Cave ya Route 105 inayofikiwa kwa Surf, na Ancient Tomb ya Route 120. Uende kwa mpangilio wowote. Katika kila pango, ukutani mbele kuna ujumbe. Usome, uandike, utekeleze.

11. Desert Ruins, pango la Regirock. Ujumbe unakupa mwelekeo mara mbili, kisha DOWN mara mbili, kisha jina la mbinu. Ruby na Sapphire: kulia mara mbili, chini mara mbili, Strength. Emerald: kushoto mara mbili, chini mara mbili, Rock Smash. Hesabu yako inaanzia mraba wa katikati uliosimama kusoma, ukiwa umeutazama ukuta. Angalizo la vidole: kwenye gemu hizi, ukigusa mshale wa upande ambao hujauelekea, mchezaji hugeuka tu bila kupiga hatua. Kwa hiyo hesabu miraba, usihesabu mibonyezo.

12. Island Cave, pango la Regice. Hapa maagizo hayafanani hata kidogo.

Ruby na Sapphire zinakutaka usimame na usubiri muda upite mara mbili, yaani dakika mbili. Soma ukuta, kisha weka mashine chini. Usiguse kitufe chochote, hata cha kufunga maandishi. Ukigusa, hesabu imeharibika. Soma upya uanze tena. Gemu inahesabu fremu 7,200, si saa ya ukutani, kwa hiyo aliyeongeza kasi kwenye emuleta (programu ya kuchezea gemu hizi kwenye simu au kompyuta) ataona mlango mapema, na simu inayokwamakwama itamchelewesha mwenyewe.

Emerald inakutaka ukae karibu na ukuta na uzunguke chumba mara moja. Anza ulipokuwa unasoma, fuata ukuta ukiwa umegusana nao, zunguka mzunguko mzima, urudi palepale mbele ya nukta. Kulia au kushoto, yote sawa. Kuacha ukuta hata kwa mraba mmoja kunafuta jaribio zima, na gemu haikuambii kwamba umeshindwa. Kuzunguka tena humo humo hakusaidii. Toka nje ya pango, ingia tena, soma ukuta tena, ndipo uzunguke. Tembea, usikimbie, hasa kwenye kona.

13. Ancient Tomb, pango la Registeel. Ujumbe wa Ruby na Sapphire unazungumza kimafumbo, wakati mpya, matumaini na upendo, kisha unakuambia ulenge angani ukiwa katikati. Maana yake ni Fly. Ujumbe wa Emerald unasema wanaorithi nia yetu waangaze katikati: SHINE IN THE MIDDLE. Maana yake ni Flash. Katikati ni katikati kabisa ya chumba, si takribani. Kutoka mraba wa kusomea shuka hatua nne moja kwa moja, ndipo utumie mbinu. Usishangae kutumia Fly ndani ya pango. Kwa kawaida gemu hukataa, ila katika mraba ule mmoja inakubali.

14. Mlango ukifunguka, sevu kabla ya kumgusa Regi. Kila mmoja yuko level 40, yuko mmoja tu, na ukimzimisha kwa bahati mbaya amekwenda. Mpunguzie nguvu kidogokidogo, mlaze usingizi au mpooze, kisha rusha mipira. Timer Ball zitumie pambano likishakuwa refu.

Ikigoma

Nukta zinaonekana zimegandamana. Karibu kila mara ni emuleta. Kioo cha Game Boy Advance ni pikseli 240 kwa 160 tu, na vichujio vya kulainisha picha huunganisha nukta mbili jirani zikawa kitu kimoja. Zima kichujio, rudisha picha kwenye ukubwa wa mara mbili au mara tatu kamili, kisha piga picha ya kioo uisome kwa utulivu.

Kisanduku kina nukta moja au mbili na hujui ziko juu au katikati. Zilinganishe na kisanduku cha jirani chenye nukta nyingi zaidi, chenye safu kamili ya juu na ya chini. Hapo utaona urefu wa kweli. Nukta moja ya juu ni a. Ikishuka nafasi moja si herufi tena, ni koma.

Nimesoma maneno lakini hayana maana. Soma herufi tatu za kwanza tena ukitafuta e na i. Kama zilibadilishana, ulikuwa unasoma kisanduku kinyume, rekebisha kote. Kama bado ni vurugu tupu, angalia lugha ya gemu yako. Toleo la Kijapani linatumia nukta nundu za Kijapani, ambazo ni silabi, na orodha hii haitasaidia chochote. Matoleo ya Kifaransa na Kijerumani yana herufi hizi ila maneno ni ya lugha zao.

Timu imepangwa sawa, ukuta wa nyuma umenyamaza. Kwanza hakikisha toleo lako: soma jina kwenye skrini ya mwanzo, usiamini jina la faili. Pili, angalia yai. Yai likiwa mwisho wa timu, basi yai ndilo la mwisho. Tatu, hakikisha ni Wailord na si Wailmer. Hili hutokea kuliko watu wanavyokubali.

Nimeshamaliza TM28 kwa Pokémon niliyemwachia. Mkamate Trapinch jangwani. Anajifunza Dig mwenyewe akifika level 41, ila anataka kubadilika akiwa level 35, kwa hiyo bonyeza B kila anapoanza kubadilika mpaka afike.

Nimefika Desert Ruins, Island Cave au Ancient Tomb na sioni pa kuingilia. Hujamaliza hatua ya 9. Kufungua mlango kwa Dig hakutoshi.

Nimetumia mbinu mahali sahihi, gemu inasema haiwezekani. Uko nje kwa mraba mmoja. Rudi kwenye ukuta, usimame mbele ya katikati ya nukta, uanze kuhesabu tena.

Nilisevu kwa kitufe cha emuleta, nimefungua leo kila kitu kimerudi nyuma. Sevu ya emuleta na sevu ya gemu ni vitu viwili, na moja inaweza kuifuta nyingine. Baada ya tetemeko la hatua ya 9, sevu kwa menyu ya gemu yenyewe.

Ukihamia FireRed au LeafGreen

Hizi ni gemu nyingine za Pokémon za Game Boy Advance. Herufi ni hizihizi, na fumbo ni jepesi zaidi. Kwenye Six Island, ndani ya Ruin Valley, kuna mlango wenye nukta za neno moja: ⠉⠥⠞. Tumia Cut mbele yake. Ndani ni Dotted Hole, ambako kila chumba kina nukta katikati zinazokuambia tundu la kutumbukia: juu, kushoto, kulia, kisha chini. Mwisho wake kuna jiwe la Sapphire. UP na DOWN zinatofautishwa na kisanduku cha kwanza tu, u haina nukta za kulia isipokuwa ya chini, d ina mbili za juu, kwa hiyo huna haja ya kusoma neno lote kabla ya kuruka.